Elmstow, Yaani Kwa Fulani

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa Observatory, mtaa wa Johannesburg ulio juu kabisa ya kilima. Asubuhi za baridi moshi wa bondeni ulipanda ukajichanganya na ukungu, na ukisimama barazani uliona mapaa ya chini yakielea yenyewe, bila kuta. Kwenye nguzo ya geti palikuwa na kibao cha mbao chenye picha ya mti mkubwa, na chini ya mti neno moja: Elmstow. Muda mrefu nilidhani ni jina la ukoo wa mwenye nyumba. Hata mleta gesi alidhani hivyo. Alimwita Bibi Elmstow, naye aliitika vizuri tu bila kumsahihisha.

Mwenye nyumba alikuwa Mwingereza, mzee sana, aliyeletwa Afrika Kusini na wazazi wake akiwa msichana. Mtaa mzima walimwita Gogo, ambayo kwa Kizulu ni bibi, na mimi nikafuata mtaa. Yeye aliniita Sisi, kama wanavyomwita dada huku. Masikio yangu ya Tanga yalichelewa kuzoea. Kwangu sisi ni watu wengi, na mimi nilikuwa nimesimama pale peke yangu na ndoo.

Nilimwogesha, nikampikia, na jua likishapata nguvu nilimtoa barazani na blanketi la magotini. Hapo ndipo alipoanza kuzungumza juu ya Elmstow. Ilikuwa kijiji alichozaliwa: kanisa, daraja dogo la mawe, nyumba chache zilizopangana kandokando ya barabara, na mvua. Aliitaja mvua kama ndugu aliyeachwa nyuma. Nilimsikiliza huku nikimenya viazi, na mara nyingine sikujua tena kama viazi vile nilivimenya Johannesburg au kwenye barabara ile yenye maji, niliyokuwa sijapata kuiona.

Mwaka ninaouandika hapa ni ule ambao mdogo wangu wa mwisho alipata mchumba.

Sisi tumezaliwa watatu, mimi mkubwa, kisha kaka mtu, kisha huyo wa mwisho. Wazazi walifariki wakiwa wamefuatana kwa karibu, mimi nikiwa darasa la sita huko Handeni, na darasa la sita ndilo likawa la mwisho kwangu. Shangazi alituleta Johannesburg, akatuweka chumbani kwake Alexandra, kisha naye akatutoka. Mwaka ule wageni walipofukuzwa Alexandra, tulitoka na masufuria, mdogo wetu mgongoni kwangu, kaka yake amebeba jiko. Tangu hapo tumehama mara nyingi. Tulipofikia ni Yeoville, vyumba viwili vya uani nyuma ya nyumba ya watu, geti la chuma la rangi ya bluu. Kaka mtu alipokua alikwenda Diepsloot, ana spaza yake huko, kiduka cha mtaani, anakuja kwetu Jumapili. Mdogo alibaki na mimi. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kizulu au Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia hapa.

Mchumba alitoka Alexandra hiyohiyo. Kijana mpole, fundi umeme, alikuwa ameshasilimu na Ijumaa alionekana msikitini. Ndoa ya kiislamu haikuwa na tatizo, kaka yetu angekuwa walii. Tatizo lilikuwa wazee wake, waliotaka na mila yao pia. Kwa Wazulu, wazee wanaoleta posa hawabishi mlango. Wanafika asubuhi na mapema, wanasimama nje ya geti, na kutoka huko nje wanaita kwa sauti jina la nyumba na sifa za ukoo, waombe kufunguliwa. Wanaachwa wasimame hata kama ni baridi. Wakifunguliwa ndipo habari ya ng'ombe wa mahari inaanza.

Basi baba yake mkubwa kijana, ambaye ndiye angeongoza wazee, alikuwa ameuliza swali. Kijana alituletea swali hilo huku akiangalia viatu vyake.

"Anasema, hao watu kwao ni wapi? Tukasimame kwenye geti la nani, tuite nini?"

"Amesema hivyo tu?" nilimuuliza.

Akaaga, akaondoka. Baadaye mdogo wangu ndiye aliyenieleza kilichobaki. Yule mzee alisema kwamba msichana asiye na kwao haendewi na wazee. Huchukuliwa tu, mambo yakaisha kimyakimya.

Mdogo wangu alinieleza hayo akiwa amekaa sakafuni katikati ya magoti yangu, namsuka. Hakulia. Aliinamisha kichwa ili nifikie kisogo, akasema, "Nataka waite, Dada. Nataka wasimame nje, waite, majirani wasikie."

Nikamaliza ule msuko, nikaufunga ncha kwa uzi.

Jumapili kaka alikuja na ufumbuzi. Kulikuwa na mzee mmoja wa Tanga, muuza vitambaa, mtu anayeheshimika sana kwa Watanzania wa mjini, mwenye flati kubwa karibu na msikiti. Alikuwa amejitolea. Atasimama kama baba yetu, wazee wa Kizulu wataletwa kwake, wataita jina lake, atawafungulia, kila mtu atakula pilau.

"Hapo pamekwisha," kaka alisema. "Flati ina sebule, ina lifti, mlango una kengele."

"Wazulu hawapigi kengele," mdogo alisema.

"Basi wataita kwenye lifti."

"Jina la nani?"

"La mzee. Wewe ulitaka waite la nani? Waite, enyi wa chumba cha nyuma, wa geti la bluu, ukipita kinyozi wa Kikongo usivuke taa za roboti?"

"Eish, wewe! Afadhali hivyo."

"Mzee unamjua. Hajawahi kukufanyia ubaya."

"Simkatai. Amekula chakula changu, Mungu ambariki. Lakini yeye amenisuka lini?"

Kaka aliniangalia mimi, nitoe hukumu. Nyumbani kwetu mambo yote yalikuwa yakifika kwangu hivyo tangu wakiwa wadogo, nani amevunja kikombe, nani alale upande wa ukuta. Nilisema nitafikiri. Moyoni nilikwisha kuona kwamba kaka alikuwa sahihi. Mimi ni mwanamke, sina elimu, na kitu ninachoita nyumba ni cha kupanga. Nani aje kusimama kwenye baridi aniite mimi?

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu aliyelala. Nilikunja taulo lilelile mara mbili. Nilimtia Gogo sukari kwenye supu, akainywa mpaka nusu ndipo akauliza kama huo ni upishi wa Tanga. Tukacheka, na katika kucheka nikamwambia yote: geti, swali la yule mzee, flati ya muuza vitambaa.

Hakunipa ushauri. Alitazama upande wa bonde, ingawa macho yake yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho na bonde kwake lilikuwa mwanga tu. Kisha akasema, "Sisi, kile kibao cha getini, unajua kwamba baba yangu alikosea?"

Akanituma ndani nikalete bahasha ya kahawia iliyokuwa kwenye droo ya meza ya kulia. Ndani mlikuwa na karatasi za fotokopi. Alipokuwa na nguvu alikuwa amekwenda kwao kutembea, na badala ya kuzunguka madukani alishinda kwenye chumba cha kumbukumbu, akitafuta jinsi jina la kijiji chake lilivyokuwa likiandikwa zamani. Haikuwa siri. Aliwahi kumwambia kila aliyekubali kusikiliza, watu wakasinzia, akaacha.

Baba yake, alisema, aliamini kama kijiji kizima kilivyoamini, kwamba Elmstow imetokana na elm, mti mmoja mkubwa wa kwao. Kanisani walichora elm, shuleni elm, na yeye alipojenga huku akachora elm kwenye kibao. Lakini waandishi wa zamani, makarani na watawa waliokuwa wakizunguka kuandika mashamba ya wafalme, hawakuwa na kamusi. Kila mmoja aliandika alivyosikia. Ukirudi nyuma, jina linabadilika polepole kama uso wa mtu kwenye picha za utotoni.

"Nisomee," alisema. "Mimi siyaoni tena. Anza na la juu, ushuke."

Nikasoma kama ninavyosoma chochote, kila herufi na haki yake, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa Handeni na sikukaa shule muda wa kutosha kufundishwa vingine. Elmstowe. Almestow. Almerstowe. Aylmerstow. Na la chini kabisa, la kale kuliko yote: Ailmerestou.

"Rudia hilo."

"A-i-li-me-re-sto-u."

Alifumba macho. "Waingereza tungemeza nusu yake," alisema. "Rudia tena."

Nikarudia. Jua lilikuwa limefika kwenye blanketi. Njiwa walikuwa kwenye mfereji wa paa, na mahali fulani chini king'ora cha gari kilikuwa kikilia bila mtu wa kukizima. Nilipokuwa nikilisema lile neno kwa mara ya tatu au ya nne, niliona kama kuna mtu anasogea nyuma yake, mbali, kwenye barabara yenye maji.

"Mnaona?" Gogo alisema, kana kwamba tulikuwa wengi pale barazani. "Si mti. Ni mtu. Ailmer lilikuwa jina la mtu. Na stow ni mahali watu walipokuwa wakikusanyika. Ni mahali pa Ailmer pa kukusanyikia."

"Alikuwa mfalme?"

"Angekuwa mfalme wangetuandikia habari zake. Hakuna. Hana kaburi, hana habari. Nimemtafuta sana. Ninachojua ni kwamba alikuwapo, na watu walikuwa wakienda alipo."

Nikacheka. Sikucheka kwa dharau, nilicheka kama unapokutana na mtu wa kwenu mahali usipomtarajia. Nikamwambia kwamba huko Handeni vijiji vinaitwa hivyohivyo. Ukitembea siku nzima unapita Kwa huyu, unalala Kwa yule. Kijiji chetu sisi kinaanza na Kwa, halafu linafuata jina la mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona.

"Na huyo wenu alikuwa nani?"

Nikamwambia nilivyoambiwa na mama, jikoni, nikiwa mdogo. Mama alisema alikuwa mwanamke. Palipokuwa na njaa, wengine wote walihama kuelekea pwani, yeye akabaki kwa sababu alikuwa na watoto wa marehemu dada yake na hawakuweza kutembea. Mvua iliporudi, watu waliorudi waliona moshi mmoja tu. Wakauliza, ule moshi ni kwa nani? Baba alikuwa akibisha, alisema huyo mtu alikuwa mwanamume, mhunzi. Walikuwa wakibishana hivyo huku wanakula.

"Wewe unamwamini nani?"

"Mama," nilisema. "Lakini sina fotokopi."

Gogo alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Nilimuuliza kwa nini, kama anajua kwamba si mti, hakubadilisha kibao. Alisema baba yake alikichora mwenyewe akiwa na huzuni ya kuondoka kwao, na kwamba elm zenyewe zilikwisha kufa karibu zote kwa ugonjwa. Basi aliona amwachie baba yake mti wake. Kisha akalala palepale, mdomo wazi kidogo, na mimi nikakaa naye mpaka kivuli kilipofika miguuni kwake.

Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani badala ya kupanda teksi, kama wanavyoita daladala huku. Mitaa ya kule inashuka taratibu chini ya miti, na majina yake kwenye vibao vya pembeni ni ya Kiingereza karibu yote. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepita kwenye majina hayo kama unavyopita kwenye ukuta. Sasa kila moja nililiuliza: wewe ni kwa nani? Majani yalikuwa yamekauka, yalisagika chini ya viatu. Nilimwona Ailmer. Gogo alishasema ni jina la kiume, lakini mimi nilimwona mwanamke mwenye mikono mikavu, ameinama anapuliza moto wenye kuni mbichi, na watoto wasio wake wamekaa nyuma yake wanasubiri. Hajui kama kuna atakayekuja. Hajui kama atakuja kuandikwa, wala kama ataandikwa vibaya. Anapuliza tu. Nilikwenda naye hivyo mpaka nikafika Yeoville, na nilipoliona lile geti letu la bluu, lenye kutu chini, nilisimama nje yake kidogo kabla ya kuingia, kama mgeni, ili nilione.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa muuza vitambaa. Nilimwamkia, nikamshukuru, nikamwambia wazee watakuja kwangu.

Alinyoosha kitambaa kilichokuwa mezani muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Wale ni watu wa mila, binti yangu. Wakifika wakakuta hakuna baba, watageuza."

"Inawezekana."

"Na mdogo wako ataaibika mbele ya majirani."

"Najua, mzee. Yeye pia anajua."

Akanitazama, akapumua. "Haya. Umeninyima ubaba, usininyime pilau. Nitakuja kukaa kama jirani."

Kijana alipopelekewa habari aliuliza kile nilichokuwa nikikiogopa. "Sawa, Dada. Lakini waite nini?" Nilimjibu kwamba wataambiwa wakifika. Ukweli ni kwamba sikujua. Jina la baba lilikuwapo, lakini baba hakuwahi kuvuka mpaka wa Tanzania, na nyumba yake ilikuwa imeshaanguka. Hakuna mtu mtaani mwetu ambaye angejua linamhusu nani.

Walikuja Jumamosi. Barafu ilikuwa imeshika maji ya beseni la nje, na nyasi za ukingoni zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nimefagia ua kabla hakujapambazuka vizuri. Kaka alivaa koti la kuazima. Muuza vitambaa alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia ya kufuma kichwani. Mdogo wangu alikuwa chumbani, amejifunika kanga mbili, kwa sababu aliambiwa asionekane. Chai ilikuwa jikoni, maandazi yamefunikwa. Kila pumzi iliyotoka ilionekana.

Tukasikia gari likisimama, milango ikifungwa, viatu. Wanaume watatu wenye makoti marefu na kofia. Wa mbele alikuwa mrefu, ana fimbo, na bila kuambiwa nilijua ndiye baba mkubwa. Alisafisha koo. Akanyanyua uso, akaita kwa Kizulu, sauti nzito, mara moja tu, "Tunaomba kwenye nyumba hii!"

Hapo ndipo malezi yangu yaliponigeuka. Wale watoto niliwalea kwamba mtu akipiga hodi, hata kama huna sukari, unamwitikia na unamfungulia. Mgeni hasimami nje. Kaka hakungoja hata mwangwi uishe.

"Karibuni! Karibuni sana ndani!" alipaza sauti, akavuta komeo, akafungua geti lote mpaka likagonga ukuta.

"Karibuni, chai tayari!" muuza vitambaa akadakia kutoka kwenye kiti.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimetokeza na sinia la vikombe.

Wale wazee hawakusogea. Wawili wa nyuma walitazamana. Yule mrefu aliliangalia geti lililokuwa wazi kama mtu aliyevutiwa kiti wakati anakaa. Chumbani, nyuma ya pazia, nilisikia, "Eish, jamani," kwa sauti ndogo iliyokatika. Nilijua mdogo wangu anaona nini. Hakuna jina lililoitwa. Majirani hawakusikia kitu. Mlango umefunguliwa kama wa duka, na sasa watageuza.

Mzee alimwashiria kaka kwa fimbo.

"Kijana. Funga."

Kaka hakuelewa. Nami nikaliweka sinia chini.

"Funga hilo geti," mzee akasema tena. "Hatujaanza. Mimi sikutoka Alexandra kwenye baridi hii nije kufunguliwa kama mleta gesi. Hii ni nyumba au si nyumba?"

"Ni nyumba, baba," kaka alisema.

"Basi funga. Na nikiita usinijibu haraka hivyo. Utawatia aibu watu wa nyumba yako."

Kaka alilisukuma geti. Lilipokaribia kufika, mzee aliweka mkono kwenye chuma.

"Ngoja. Nimwite nani? Hapa ni kwa nani?"

Muuza vitambaa alitazama magoti yake. Nilijua angeweza kusema neno moja, na hakulisema. Kaka alifungua mdomo, akageuka, akaniangalia pale nilipokuwa nimesimama na aproni yangu ya unga, akamgeukia tena mzee.

"Kwa Dada," alisema.

"Nani?"

"Kwa Dada. Yeye ndiye aliyetulea."

Mzee alinitazama juu ya geti. Macho yake hayakuwa na ukali wala huruma. Yalikuwa ya mtu anayepima mahali pa kusimamisha nguzo. Akalijaribu lile jina mdomoni mwake, kwa Kizulu chake, ambacho nacho husema kwa, na likakaa sawasawa. Akaondoa mkono. Kaka akafunga, akashusha komeo.

Tulibaki sisi ndani, wao nje, geti la bluu katikati. Moshi wa jiko ulipanda ukapita juu ya ukuta ukaelekea kwao. Kisha ile sauti ikaja, si kama ile ya mwanzo. Ilitoka tumboni.

"KwaDada! Nyinyi mliotoka mbali! Mliobeba wadogo mgongoni! Tumesimama nje, tunatetemeka, tumeona ua zuri ndani ya nyumba yenu!"

Wale wawili wakaitikia. Dirisha la juu la nyumba ya mbele lilifunguliwa. Kinyozi wa Kikongo alitoka na taulo begani, na mteja wake amenyolewa nusu. Mtu ng'ambo ya barabara alipiga kigelegele bila kujua ni cha nani. Na mzee akaita tena, akaongeza, akatupa sifa ambazo sikuwahi kuzisikia na ambazo sijui alizitoa wapi, na kila mara akirudi kwenye lile jina.

Kaka alikuwa amelishika komeo kwa mikono miwili. Nilimwona anavyoteseka, vile nilivyomlea. Nyuma yangu nilihisi mtu. Mdogo wangu alikuwa ametoka chumbani, mahali asipotakiwa kutoka, kanga hadi machoni, akaegemeza paji lake la uso begani kwangu.

"Nifungue?" kaka alinong'ona.

"Bado," mdogo wangu alisema.